Mtoto Aliyekwama Kwenye Tobogani

Yule mtoto aliyekwama kwenye tobogani ya Jardin ni mimi.

Nimeiacha sentensi hiyo peke yake, mwanangu Saidi, ili usiipite bila kuiona. Maisha yangu yote ya utu uzima nimeikana. Niliikana shuleni. Niliikana chuo kikuu kule Kisangani, mbele ya wasichana wa kwetu waliokuwa na habari zote. Niliikana hata mbele ya marehemu mume wangu, ambaye alisimuliwa na mama yangu kabla hajanioa, akanioa hivyo hivyo. Nilisema ni binti mwingine. Wakinibana zaidi, nilisema binti huyo alihamia Kigoma. Kasongo nzima ilimwita Kizibo, kwa jinsi alivyoziba bomba la tobogani ile ya kutelezea watoto, nami nikamhamishia ng'ambo ya ziwa ili asinisumbue.

Leo namrudisha, tena kwa hasira. Hasira yenyewe ni juu yako, ingawa nikifika mwisho utaona nimejibakizia fungu langu, na si dogo.

Juzi ulisimama pale mbele ya mkaguzi wa ardhi aliyetoka Kindu, mkono mmoja mfukoni, ukasema, "Tangu nizaliwe miye sikuonaka jardin pale. Iko majani na mbuzi tu."

Nilikuwa nyuma yako. Nimekulea tangu dada yangu Aziza, mama yako, alipofariki ukiwa hujaota meno ya pili, na sikuwahi kutamani kukupiga kofi hadi siku ile. Sikukupiga kwa sababu una ndevu.

Najua ulichokuwa unakilinda. Ndani ya Jardin, bustani ya mji, wamepima parseli za viwanja, wamechomeka vijiti na kufunga kamba za nailoni, na moja umepewa wewe. Ulikwisha kumwaga mchanga wa depo yako ya vinywaji. Hao wakubwa wa ofisi wenye mihuri waliokugawia walihitaji vijana wachache wa kumwambia mkaguzi kwamba ardhi ile ni tupu, haijawahi kuwa na kazi wala wenyewe. Ukasema. Na kinachoniuma ni kwamba hukusema uongo. Ni kweli hujaiona bustani. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa, inazunguka chumba kizima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Basi tulia, nikuonyeshe kitu ulichosema hakikuwapo.

Bustani ile waliijenga Wabelgiji kwa ajili ya wake zao na watoto wao. Bibi yangu, aliyemzaa mama yangu, aliniambia kwamba baba yake aliingia humo kwa miaka mingi na hakukaa hata mara moja. Mtu mweusi aliingia na fagio au reki mkononi, na akitaka kupumzika alitoka nje ya ukingo wa maua, akachutama barabarani. Viti vilikuwa vya saruji, viwili viwili vikitazamana, vimepakwa chokaa. Palikuwa na jukwaa la mviringo lenye paa la bati, ambapo tarumbeta zilipigwa Jumapili. Palikuwa na robine, mfereji wa maji wa chuma kizito, katikati kabisa. Palikuwa na choo cha wanaume na choo cha wanawake, vyote vina milango, jambo ambalo ninyi vijana mkiambiwa mnaguna. Na palikuwa na tobogani ya watoto: ngazi za saruji, kisha mteremko wa saruji iliyosuguliwa ikawa laini kama sahani. Nusu ya chini ya mteremko ule ilifunikwa ikawa bomba, ili watoto wapite gizani wakipiga kelele, watokee upande wa pili kwenye jua. Bomba lilipimwa kwa kiuno cha mtoto wa Kizungu wa miaka sita. Kipimo hicho ukikumbuke, tutakihitaji.

Wabelgiji wakaondoka. Bibi alisema baba yake alikwenda siku moja bila fagio, amevaa shati lake la Idi, akakaa kwenye kiti. Alikaa mpaka jua likamhamisha kutoka kiti hiki hadi kile. Aliporudi nyumbani alisema viti vile ni vigumu kuliko alivyodhani, na kesho yake akaenda tena.

Halafu watu wa Kasongo wakaipa bustani ile kazi ambayo hakuna Mbelgiji aliyeifikiria. Kwetu hapa, ukoo ukipokewa barazani kwa ukoo mwingine, tayari umepungua kidogo. Umekunywa chai ya watu, umekula wali wao, utalipinga vipi neno lao? Na kati yetu sisi Waislamu wa mjini na wenzetu Wakristo wa vijijini, jambo hilo lilikuwa zito zaidi, maana kila upande ulihofia kwamba kuketi kwa mwenzake ni kama kukubali kabla ya kuulizwa. Basi posa zote ngumu zilipelekwa Jardin. Ukoo huu kiti hiki, ukoo ule kiti kile. Mwenyeji hakuna, mgeni hakuna, kila upande umekuja na birika lake. Waliogombania mpaka wa shamba walikwenda pale pia. Hakuna aliyeamuru. Vijana wa mitaa walikata nyasi bila kusukumwa, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba iko siku na yeye atakaa pale akingoja wakubwa wamalize kumzungumza.

Siku ya posa ya mama yako nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijiona nimeshamaliza utoto. Mchumba alikuwa mwalimu kijana kutoka Wamaza, Mbangubangu, Mkristo, mwenye baiskeli na aibu nyingi. Huyo ndiye baba yako. Watu wake walikuwa wametembea kutoka kwao, wakiongozwa na baba yake mkubwa, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa kizito ambayo hakuivua hata kwenye joto lile. Upande wetu alisema mjomba wangu, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe.

Mimi nilipewa sinia la vitumbua na gauni la Aziza, lenye marinda mengi. Nikapitisha vitumbua huku na huku, kisha nikaambiwa niondoke, wakubwa waseme. Nikaondoka, lakini si mbali. Mdomo wa tobogani ulikuwa hatua chache nyuma ya kiti cha watu wa Wamaza. Nikapanda ngazi, nikajilaza kifudifudi, nikaingia kichwa mbele, polepole, ili nisikie. Kichwa kikafika karibu na mwanga. Mabega yakapita. Kiuno, pamoja na marinda yote ya dada yangu, kikakataa.

Sikupiga kelele. Nilikuja kusikiliza, na kutoka mle nilisikia kila kitu. Mbele ya macho yangu, katikati ya miguu ya wazee, ilikuwapo ile robine, ikidondosha tone, ikingoja, ikidondosha jingine. Muda wote ule niliitazama. Hadi leo ningeweza kuichora.

"Mutoto wetu hawezi kuingia nyumba yenye haina sala," mjomba alisema.

"Kwetu iko sala, mzee," mzee wa Wamaza akajibu. "Tunaimba mupaka mbuzi wamezijua nyimbo."

"Kijana asilimu, tumalize."

"Kijana alikuja kuoa, hakuja kukamatwa."

Robine ikadondosha tone jingine. Kisha mjomba akakung'uta kanzu, akasema, "Basi. Kila mutu arudie kwake." Nikaona miguu inanyanyuka, ya upande huu na ya upande ule, na mabirika yanachukuliwa.

Watu wa Kasongo husimulia kwamba yule mtoto alilia kwa uchungu wa dada yake. Ni hadithi nzuri na naomba radhi kuiharibu. Nililia kwa ajili ya makalio yangu. Niliona wanaondoka, na mimi nitabaki mle na kunguru.

"Mjomba, usiende, niko huku."

"Huku wapi?"

"Kwenye tobogani."

Mzee wa Wamaza akageuka, akainama, akanitazama usoni. "Hii ni mutoto wenu?" akauliza. "Au ni wa tobogani?"

Mjomba akanivuta mikono. Baba yako akapanda ngazi akashika miguu, kwa heshima mno, kana kwamba ni mali ya watu, nayo ilikuwa mali ya watu. Sikutoka. Wakamwita mama mmoja aliyekuwa anapita na bidoni la mawese, wakaanza kumimina, huku mjomba na mzee wa Wamaza wakifokeana jinsi ya kumimina. Nilipochomoka nilichomoka kwa ghafla. Mjomba akaanguka juu ya mzee, mzee akaanguka juu ya sinia, na kanzu iliyokuwa ikisimama yenyewe haikusimama tena.

Mzee wa Wamaza alijitazama, mawese kuanzia kifuani hadi viatuni. Kofia ilikuwa bado kichwani. "Sasa mzee," akasema, "na hii harufu, njiani nani atanipokea? Nitalala kwako."

Mjomba akacheka. Alikuwa mtu mgumu kucheka, kwa hiyo kilipomtoka kilimtoka kingi. Wakaenda kwetu wote, wakaogeshwa, wakapewa nguo zetu, na mtu aliyevaa kanzu yako huwezi kumwambia tena kwamba nyumba yake haina sala. Asubuhi walikwisha kubaliana kwamba kila mmoja atasali anavyosali, na watoto wataamua wakikua. Ndiyo maana wewe ni Saidi Pascal, na hakuna mtu Kasongo anayeona ajabu.

Hayo yalitokea mahali ulipomwaga mchanga wako. Ulisimama juu yake ukasema iko majani na mbuzi tu.

Sasa nije kwenye fungu langu.

Siku chache baadaye shule nzima ilikuwa inaniita Kizibo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekana mara nyingi hata nikaanza kuamini mwenyewe. Bibi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Watoto walipita uani wakiimba jina lile, nami nikawapigia kelele kwamba si mimi. Bibi akauweka mchi chini.

"Njoo. Nani alikwama?"

"Si miye, Bibi."

"Basi dada yako hakuposwa," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kama hakuna mutoto aliyekwama, mjomba wako alienda zake, na wale wa Wamaza walienda zao. Unaondoa ile siku? Uondoe na shemeji yako. Uko na nguvu hiyo?"

Nikaanza kuokota majani yaliyomwagika.

"Baba yangu alifagia pale miaka yote na hakukaa. Weye ulikaa mupaka wakakutoa na mawese. Na unaona haya."

Akauchukua mchi, akaendelea. Sikumsikia, mwanangu. Maneno niliyasikia, nimekuandikia yote, lakini yeye sikumsikia.

Nikaenda Kisangani, nikasoma, nikaanza kuandika makala za magazeti na kujiona mtu. Vita vikaja. Wanajeshi walipiga kambi bustanini, wakachoma milango ya vyoo, wakavunja viti wakafanya mafiga. Walipoondoka, sisi raia tukamaliza kazi waliyoianza. Bati za jukwaa zikaenda, kila nyumba na lake. Tobogani ikaporomoka, ikabebwa vipande vipande kwenye misingi ya majiko. Lile jiwe refu unalokanyaga ukiingia kwangu kwa mlango wa nyuma lilikuwa ngazi ya jukwaa. Uliwahi kuniuliza limetoka wapi, nikakuambia ni la mtoni.

Na miaka hiyo niliandika makala ndefu, yenye maneno mazito, juu ya umuhimu wa mahali pa watu wote katika miji yetu. Nilitaja miji ambayo sijaikanyaga. Jardin sikuitaja. Kuitaja Jardin kungekuwa kuitaja tobogani, na kuitaja tobogani kungemrudisha Kizibo kutoka Kigoma. Wewe ulikua mtaa wa pili kutoka pale, ndani ya nyumba yenye vitabu vingi kuliko nyumba zote za jirani, na mwandishi wa nyumba hiyo hakukuambia hata siku moja kwamba mama yako aliposwa pale. Ungeijulia wapi?

Kwa hiyo juzi, mkaguzi alipowauliza wazee, kila mmoja alianza vizuri akaishia kule kule. Kulikuwa na viti. Kulikuwa na robine. Kulikuwa na tobogani, na mtoto mmoja alikwama. Mmoja wa wale wenye mihuri akatabasamu. "Bwana mkaguzi, kila muji iko na hadithi ya mutoto aliyekwama. Huyo mutoto iko wapi?"

"Alihamia Kigoma," akajibu mama mmoja, kwa moyo safi.

Uongo wangu mwenyewe, umelelewa na watu wengine, umekua, umekuja kutoa ushahidi upande wa wezi. Nikakasirika, na sikujua nimkamate nani.

Uliona nilivyofanya, kwa hiyo sina haja ya kujipamba. Kisiki cha robine bado kipo, kimekatwa sawa na ardhi. Nikakitafuta kwa mguu, nikarudi nyuma kuelekea mchanga wako, nikalala chini kifudifudi, mwanamke wa umri huu, ndani ya kitenge cha sikukuu, miwani usoni. Watu wakaanza kusogea.

"Madame anaanguka?"

"Hapana, anasali."

"Na kibla iko huko?"

Nikatambaa kushoto kidogo. Nikatambaa nyuma. Nikainua kidevu kama nilivyokiinua siku ile, mpaka kile kisiki kikakaa mbele yangu mahali pake, palepale nilipokitazama kikidondosha. Nikasema, "Chimbeni hapa, chini ya miguu yangu." Wewe ulikuwa umeshika jembe lako la msingi na hukusogea. Yule mama aliyesema Kigoma akakunyang'anya. Mchanga wako ukapelekwa pembeni, kisha udongo, kisha jembe likalia. Wakafukua, ikatokea ngazi ya chini ya tobogani, saruji iliyosuguliwa na miguu ya watoto, laini bado.

Mkaguzi akachuchumaa karibu na kichwa changu. "Mama, umejuaje? Ni weye ulikwama?"

Nimesoma vitabu vingi, mwanangu. Nimefundisha vijana kusema kweli kwa sentensi fupi. Nikiwa nimelala kwenye vumbi, midomo ina mchanga, ushahidi uko chini ya visigino vyangu, nilimjibu, "Nilikuwa karibu naye."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mkaguzi hakucheka. Alisema atapeleka habari Kindu, tungojee simu. Wewe ulichukua pikipiki ukaondoka bila kuniaga, na tangu hapo hujarudi wala hujala kwangu.

Basi pokea nasaha, wewe na wenzako wenye karatasi mpya, maana sitazirudia kwa upole namna hii. Usiape juu ya ardhi kwa kuhesabu kuanzia siku uliyozaliwa. Kabla hujasema mahali ni patupu, uliza waliokutangulia pametumika kwa nini, na wakinyamaza, wabane, kama mkaguzi alivyonibana mimi, wala usiwahurumie kwa mvi zao. Mahali pasipo na mwenyewe mmoja pana wenyewe wengi, na ndio hao hawaitwi siku ya kugawa. Na jambo lililowafanya watu wakucheke, lisimulie wewe mwenyewe kwa sauti kubwa, mapema, kwa wanao. Ukilificha utaficha pamoja nalo viti, na robine, na posa ya mama yako, na atakuja mtu mwenye kamba ya nailoni kukuambia havikuwapo. Mimi nilijilinda nisichekwe, na kwa hilo nilikaribia kuupoteza uwanja ambao baba wa bibi yangu alingoja maisha yake yote kuukalia.

Mungu akulinde barabarani, Saidi Pascal, kwa sala zote mbili ulizozaliwa nazo. Akupe depo mahali pengine, ijae wateja. Akupe na mke ambaye ukoo wake ni mgumu, ili mtafute mahali pa kukaa mtazamane.

Nilikuwa nimefika hapo simu ikaita. Namba ilikuwa yako. Sauti haikuwa yako.

"Mama, naita toka Kindu," akasema yule mkaguzi. "Mutoto wako amefika na pikipiki, amejaa vumbi. Amesema mwenyewe kama neno lake la juzi anaiondoa. Amesema mama yake aliposwa pale, watu wamemusimulia siku ile ile. Wakubwa wamekubali kufuta zile parseli zote. Imebakia kitu kimoja tu. Hawawezi kufunga faili bila shahidi, na mutu aliyekuwa karibu si shahidi. Hapa kijana ameniambia niulize Mama Kizibo. Ni weye?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni, limelainika kwa kutumiwa: umekosea namba, huyo alihamia Kigoma.

"Ni miye," nikasema.